Folda Iliyoitwa Mavuno

Kama umewahi kuishi na mtu anayependa mpangilio kupita kiasi, Gerson unamjua hata kama hujapata kumwona. Ni mmoja wa wale ambao viatu vyao mlangoni vimetazama upande mmoja, na ukivigeuza wanajua. Nyumbani kwake Nzuguni, Dodoma, ndoo ya maji ya kunywa ina mahali pake na ya kuogea ina mahali pake, na ole wake atakayezikutanisha. Mkewe Elieth, muuguzi asiyeshindwa maneno na mtu yeyote, aliacha kubishana naye mwaka wa pili wa ndoa. "Nilimkuta hivyo hivyo," huwaambia mashoga zake. Tabia hiyo haikumdhuru mtu kwa miaka thelathini na minane. Ilipokuja kudhuru, ilimchagua mtu mmoja tu, Mwalimu Yudith Matonya, yule aliyemfundisha Gerson kusoma.

Gerson alizaliwa Kibakwe, kule milimani Mpwapwa, kwa baba mkulima wa mahindi na maharage. Wazazi walisemezana Kigogo, watoto wakasemeshwa Kiswahili, maana shuleni Kigogo kilikuwa na fimbo yake. Akakua anaelewa nusu nusu: anajua anapoitwa, anajua anapofukuzwa, ya katikati hayajui. Darasa la tatu Mwalimu Yudith alimkuta bado anabuni badala ya kusoma, anatazama picha na kutunga maneno ya kufanana nayo. Akambakiza baada ya masomo muhula mzima, wao wawili na kitabu kimoja, hadi herufi zikamkubali. Chuo kikuu alikifikia kwa sababu ya muhula ule, na hilo hulisema bila kuulizwa.

Chuoni, hapo hapo Dodoma, alikutana na Haskell. Hii ni lugha ya kuandikia programu, na wanafunzi wengi waliipita mbio kama watu wanaopita nyumba yenye mbwa. Yeye akaingia, akakaa. Alichokipenda ni ukali wake. Katika lugha nyingine unaweza kuchanganya mambo na kompyuta ikanyamaza, hadi siku programu inapokuumbua mbele ya watu. Haskell hainyamazi. Kila kitu lazima kiwe na aina yake, na ukiweka cha aina hii mahali pa aina ile, inagoma na kukuonyesha mstari uliokosea. Gerson akaona hatimaye amepata wa kufanana naye. Kwenye ofisi ya mjini anakohudumia kompyuta za wenzake hakuna aliyeihitaji lugha hiyo, kwa hiyo yalibaki kuwa mapenzi ya Jumamosi.

Miaka mitatu iliyopita alimzika bibi yake Kibakwe. Wanawake waliimba maombolezo ya Kigogo tangu asubuhi, watu wazima wakalia, na Gerson akasimama kando ya kaburi la bibi yake mwenyewe kama mgeni aliyekosea msiba. Aliona aibu ambayo hajapata kuiona. Hapo msibani akamkuta Mwalimu Yudith, amestaafu, anaishi Buigiri kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Gerson. Kigogo chako kimefika wapi?"

"Kipo pale pale, Mwalimu. Hakijasogea."

Mwalimu hakucheka. Alikuwa na jambo lake, na huenda alikuwa akimtafuta mtu wa kumwambia. Ilikuwapo orodha, karatasi mia tatu na kitu zilizopigwa taipu zamani sana na karani ambaye jina lake halikumbukwi na yeyote: maneno elfu nne na ushee ya Kigogo na maana zake kwa Kiswahili. Karani yule alikuwa na haraka zake. Neno la mtu anayeiombea nchi mvua aliliandikia "mchawi", akaenda zake. Maneno sita ya ng'ombe, kila moja na rangi yake, yote aliyaandikia "ng'ombe". Na orodha hiyo ndiyo iliyokuwa ikipigwa nakala na kugawiwa, vijana wameanza kuiamini. Mwalimu alitaka kuisahihisha yote, neno kwa neno, kwa kuwauliza wazee waliobaki. Kisha akamwambia Gerson jambo ambalo hata wanawe alikuwa hajawaambia.

"Daktari anasema akili yangu imeanza kuchoka. Nitasahau, leo kidogo, kesho kidogo. Nataka niyatoe maneno haya niyaweke mahali kabla hayajaniponyoka."

Gerson akamwambia mahali pa kuyaweka atampatia yeye.

Kitabu cha namna hiyo hakiandikwi mfululizo kama barua. Kila neno linakaa kwenye faili lake, na programu inayapitia mafaili yote, inayapanga, inatengeneza kurasa zinazosomeka. Mafaili yale ndiyo chanzo. Kurasa ndizo zao lake. Ukiiondolea madoido, kazi nzima ni kujua kila faili la chanzo liko wapi na ukurasa wake utakwenda kukaa wapi. Unaweza kudhani ni kazi ya wiki mbili. Gerson aliifanya kwa miaka miwili na nusu.

Sababu anayo. Mara ya kwanza alipojaribu, njia za mafaili aliziandika kama maneno matupu, na siku moja kosa la herufi moja likaifanya programu iandike ukurasa juu ya chanzo chake chenyewe. Maneno arobaini yakapotea. Bahati yalikuwa ya majaribio. Gerson akaapa. Akaanza upya kwa Haskell, na humo akazigawa njia za mafaili aina mbili: njia ya chanzo ina aina yake, njia ya zao ina aina yake, na hazikutani, kama zile ndoo zake. Programu ikijaribu kuandika mahali pa chanzo, Haskell inagoma kabla haijaanza hata kuijenga. Akaandika kanuni ya kutoka chanzo kwenda zao. Ya kurudi, kutoka zao kwenda chanzo, hakuiandika, na kutokuwapo kwake ndiko alikojivunia kuliko vyote.

"Zao halina thamani," alimweleza Elieth wakiwa mezani. "Unaweza kulifuta lote, ukatoa amri, likajitengeneza tena."

"Na chanzo?"

"Hicho ndicho unachokilinda."

Elieth akasema sawa, akaomba apitishiwe mlenda.

Folda mbili zikabaki bila majina. Watu wa kompyuta wana majina yao ya Kiingereza, lakini Mwalimu hakuwa mtu wa kompyuta, na Gerson alitaka aelewe papo hapo, bila kukariri. Akawaza siku mbili, akapata. Folda ya chanzo akaiita mbegu. Folda ya zao akaiita mavuno. Alifurahi sana siku hiyo, akajiona mtoto wa mkulima ambaye hajaisahau asili yake.

Februari akampelekea Mwalimu kompyuta mpakato kuukuu Buigiri. Wakakaa sebuleni, mlango wazi, kuku wanaingia na kutoka. Gerson akamwonyesha.

"Folda ni hizi mbili tu, Mwalimu. Mbegu na mavuno. Mavuno yanatoka kwenye mbegu."

"Naam. Na mbegu inatoka kwenye mavuno."

Gerson akacheka, akadhani anataniwa. "Hayo ya mavuno niachie mimi na programu yangu. Ninachokuomba ni mbegu nzuri."

"Utaipata," alisema Mwalimu Yudith.

Akamsimamia asahihishe maneno matatu ya herufi A, na yote matatu Mwalimu aliyasahihishia kwenye folda ya mbegu, kwa sababu ndiyo Gerson aliyomfungulia. Hapakuwa na kosa hata moja. Kabla hajaondoka akamwona anachukua daftari la mistari na kalamu, akamkataza kwa upole. Daftari linaungua, alisema, linaliwa na mchwa, na baadaye kuna kazi ya kuliandika upya. "Andika humu moja kwa moja." Mwalimu akalirudisha daftari kabatini. Alimtii kama Gerson alivyomtii darasa la tatu.

Mwalimu akaanza kuwatembelea wazee. Chamwino yote aliimaliza, akaenda Kibakwe akakaa wiki tatu, kompyuta kwenye mfuko wa kitenge, akiomba umeme kwenye maduka na vituo vya afya. Wazee waliomfukuza walikuwa wawili tu. Wengine walimkalisha siku nzima, maana ilikuwa miaka hawajaulizwa kitu. Kila Jumapili mchana Gerson alimpigia simu.

"Kazi inaendelea, Mwalimu?"

"Inaendelea. Jana nilipata maneno tisa, na moja nililiita mara mbili kwa jina lisilo lake. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Basi harakisha na wewe."

Gerson aliharakisha kwa namna yake, yaani alizidi kunyoosha. Alibadilisha mpangilio wa folda, akaugawa kwa herufi, kisha kwa silabi, kila mara akizifuata njia zote na Haskell ikimsahihisha, na kila mara akifurahi inapomkatalia. Kila baada ya miezi sita Mwalimu alimtumia flashi kupitia kondakta wa basi, ina nakala ya folda ya mbegu kama alivyoelekezwa. Gerson aliibandika tarehe, akaitia kwenye sanduku lenye kufuli. Kuifungua hakuifungua, angesubiri kazi imalizike. Hapa mtu yeyote ana haki ya kumlaumu, na yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kwenye foleni.

Agosti mwaka huu Mwalimu akapiga simu mwenyewe, siku ya kazi, saa nne asubuhi. "Nimemaliza," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. "Njoo uchukue kitu chako kabla sijasahau nilipokiweka."

Gerson akaenda kwa pikipiki Ijumaa, akarudi na kompyuta mgongoni. Jumamosi asubuhi upepo ulikuwa ukipeperusha vumbi la Nzuguni hadi ndani, akafunga madirisha, akaifuta kompyuta kwa kitambaa, akaiwasha. Akaweka programu yake mpya. Akatoa amri ya kujenga kitabu, ikakataa: ndani ya folda ya mavuno kulikuwa na kurasa za mpangilio wa zamani, na njia zake hazikuwa za aina inayotakiwa sasa. Gerson akatabasamu. Ndivyo alivyotaka ikatae. Akaandika neno moja ambalo alikuwa ameliandika mara elfu, safisha, akabonyeza. Folda ya mavuno ikafutika kwa sekunde mbili. Akaandika jenga, akaenda kupika chai.

Chai ilipoiva kitabu kilikuwa tayari. Akafungua katikati, mahali pa kwanza jicho lilipotua, akalikuta neno la mtu anayeiombea nchi mvua. Lilisema mchawi.

Akadhani programu imekosea. Akajenga tena, mchawi. Akafungua ng'ombe, akawakuta wote sita hawana rangi. Ndipo akaingia kwenye folda ya mbegu kutazama tarehe za mafaili. Mafaili matatu ya herufi A yalikuwa ya Februari, miaka miwili na nusu iliyopita. Yaliyobaki yalikuwa ya siku ile ile yalipoingizwa kutoka kwenye karatasi za karani. Hakuna mkono uliokuwa umeyagusa.

Akapiga simu Buigiri.

"Mwalimu, samahani. Maneno ulikuwa unayasahihishia wapi?"

"Kwenye mavuno."

"Kwenye mavuno?"

"Wapi tena? Kwenye mbegu maandishi madogo, yamejaa alama, macho yangu hayaoni. Kwenye mavuno yalikuwa makubwa, mazuri. Na kwani wewe mbegu unaitoa wapi, Gerson? Si unavuna kwanza? Unapita kwenye mavuno, unachagua masuke yaliyojaa, unayatundika jikoni moshi uyapige, hiyo ndiyo mbegu ya mwaka kesho. Nikapita kwenye mavuno, neno bovu nikalitengeneza. Nikajua wewe utachagua humo, urudishe kwenye mbegu. Hujarudisha?"

Masuke yale Gerson anayajua. Kwao Kibakwe yalitundikwa juu ya mafiga kila mwaka, meusi kwa moshi, na yeye alilala chini yake utoto wake wote. Hakuna nyumba ya mkulima katika nyanda zile ambako mbegu inatoka mahali pengine. Jina alilichagua yeye, siku mbili akiwaza, na katika siku hizo mbili hakukumbuka mbegu hutoka wapi. Aliizuia kompyuta isiweze kabisa kuchanganya njia mbili, na kompyuta haikuchanganya. Mtu wa pekee aliyehitaji kuambiwa aliambiwa kwa lugha ya kwao, akaielewa vizuri kuliko aliyeisema.

"Nitakupigia, Mwalimu," alisema.

Pale sokoni Majengo yupo Jamaldini, fundi wa kompyuta ambaye baba yake alitengeneza redio na babu yake saa. Gerson alimfikia mbio, hajabadili hata kandambili. Jamaldini akaifungua kompyuta, akatazama kilichomo, akamtazama Gerson.

"Nani alibadilisha diski hii?"

"Mimi. Ya zamani ilikuwa nzito."

"Ungeiacha, kaka. Ile ya kuzunguka ukifuta kitu, kinabaki kinakungoja. Hii ikifuta inapiga deki kabisa. Na wewe baada ya kufuta ukaijaza tena."

"Nilijenga mara mbili."

Jamaldini aliiunganisha na mashine yake, wakakaa pale hadi alasiri, wateja wakija na kuambiwa warudi Jumatatu. Kilichopatikana ni vipande ambavyo havikufika hata ukurasa mmoja, na vingi ni herufi zilizochanganyikana hovyo. Kimoja kilisomeka: *huyu si mchawi hata kidogo, watu wakimwita hivyo hukasirika, kwa sababu kazi yake*, kikaishia hapo. Jamaldini akakataa kulipwa. Gerson angependa zaidi amlipishe.

Nyumbani Elieth alimkuta amekaa sakafuni, lile sanduku la flashi liko wazi mbele yake.

"Huna nakala?"

"Ninazo nyingi. Flashi tano, na zaidi ya hizo."

"Basi?"

"Zote za mbegu."

Elieth akakaa chini pembeni yake, bado na sare ya kazini. Gerson akamwambia kwamba anatamani angekuwa ameibiwa ile kompyuta. Angekuwa na mtu wa kumchukia.

Jumapili akaenda Buigiri. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno ya kusema, na alipofika hakuna lililomsaidia, akasema wazi wazi: nimeyafuta, Mwalimu. Yale yote uliyoyasahihisha, kasoro matatu.

Mwalimu Yudith alikuwa anachambua mboga kwenye ungo. Akauweka ungo chini.

"Nilikuambia ninayatoa kichwani niyaweke mahali," alisema. "Nikakuuliza, mahali ni wapi? Ukaniambia humu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Daftari ukanikataza."

"Ndiyo."

Mwalimu akasimama, akajifunga kitenge upya, na kwa dakika chache alikuwa yule yule wa darasa la tatu. Basi tunaanza tena, alisema. Tunawaendea tena. Akaanza kuwataja, akihesabu kwa vidole. Bibi Emiliana wa Kibakwe; huyo wamemzika Aprili. Mzee Sostenes, amekwenda kuishi kwa mwanawe Mwanza, na hasikii tena. Ndugu wawili wa Chamwino walikufa mwaka mmoja. Vidole vilifika saba na hakuna hata mmoja wa kuulizwa aliyebaki mkononi mwake. Akasema haya, basi nitayatoa mwenyewe, niliyasikia kwa masikio yangu. Lete karatasi.

Safari hii Gerson aliandika kwa kalamu, kwenye daftari lile lile lililorudishwa kabatini. Alimsomea neno la karani, Mwalimu akatoa maana yake ya kweli. Siku hiyo walipata kumi na moja. Kwenye la kumi na mbili alifungua mdomo, akaufunga. Akasema hili nilikuwa nalo. Akautazama mkono wake kana kwamba lilikuwa limeshikwa pale. Kisha akalia, bila sauti, machozi yakimwagika kwenye kitenge, na Gerson hakuwa amewahi kumwona Mwalimu akilia. Alitamani apigwe fimbo. Angeipokea kwa shukrani.

Akawa anakwenda kila Jumamosi. Kompyuta aliibeba, ila kwa ajili ya kusoma tu ile orodha ya karani. Mara ya pili walipata maneno tisa. Ya tatu manne. Mwisho wa Septemba Mwalimu alianza kuyatoa yale ambayo tayari yamo kwenye daftari, akiyatoa kwa furaha kama mapya, na Gerson akayaandika tena kwa sababu hakuwa na moyo wa kumwambia. Mjukuu wake, Restuta, aliyehamia pale kumwangalia, alimwambia Gerson mlangoni kwamba siku hizi Bibi anaamka salama, halii tena. Ule msiba wa maneno kufutika ameusahau. Anachokikumbuka ni kwamba alimaliza kazi.

Jumamosi iliyopita Gerson alimkuta Mwalimu amekaa kibarazani, amevaa gauni la kanisani, amependeza. Mwalimu alimwamkia kwa Kigogo, Gerson akaitikia kwa Kigogo, hayo machache anayojua.

"Umekuja na kitabu?" aliuliza Mwalimu.

Gerson alikuwa amelizoea swali hilo. Wiki mbili za kwanza alilijibu kwa ukweli, na mara zote mbili alimwona akiupokea upya, kuanzia mwanzo, kwa maumivu yale yale, kisha kuusahau tena kabla ya chakula. Elieth ndiye aliyemwambia aache. Akamwambia kwamba ukweli huo haumfaidishi Mwalimu, unamfaidisha yeye Gerson tu.

"Kipo, Mwalimu. Kiko humu."

"Nisomee nisikie tulivyofanya."

Akafungua kompyuta magotini. Kitabu kilikuwa kizuri kutazama. Kila ukurasa ulikuwa umekaa mahali pake, hakuna njia hata moja iliyopotea. Aliposhuka kidogo akalikuta neno ambalo Mwalimu alikwenda nalo hadi Kibakwe. Alimsimulia kwenye simu wakati ule, akicheka kama msichana: siku mbili nzima Bibi Emiliana alimfundisha ndege yule, anavyolia kabla ya mvua na anavyolia mvua ikishindwa, na kwa nini mwanamke mjamzito haruhusiwi kumwiga. Gerson alikuwa akiendesha pikipiki huku simu iko sikioni, upepo ukavuma kwenye simu, hayo mengine hakuyasikia vizuri. Alijua atayasoma.

Akalisoma neno. Kisha akasoma maana yake kama karani alivyoiacha.

"Aina ya ndege."

Akamwangalia Mwalimu. Alikuwa anaomba, kweli kabisa alikuwa anaomba moyoni, kwamba Mwalimu akasirike. Kwamba aseme ndege gani, mjinga huyu, nani ameandika hivi.

Mwalimu Yudith alikuwa amefumba macho ili asikie vizuri. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kwa kuridhika.

"Ndiyo," alisema. "Aina ya ndege. Tumelipata sawasawa."

Akamwambia asome linalofuata, na Gerson akasoma.